Fungueni kwanza mudomo wa ng'ombe

Mwaka uliopita kompani moja ya shaba, huku kwetu Haut-Katanga, ilipatia kijiji jirani ng'ombe 12. Ilikuwa imeandikwa katika cahier des charges, tuliisoma sisi wenyewe. Photo zilipigwa, hotuba zikasomwa, kila mutu akakula bukari na nyama. Kufika mwezi wa nane, tano kati ya zile ng'ombe zilikuwa mifupa na ngozi tu. Habari ikatufikia kwenye sendika, maana watu wa kijiji wako na watoto wao kazini pale, na wote walikuwa na jibu moja: ni maji ya mugodi.

Tuseme ukweli, hata sisi tuliamini. Barua ilikuwa tayari, ilibaki kutia mukono. Mambo ya asidi katika mito ya jimbo hili tunayajua, hatuhitaji mutu kutufundisha. Lakini mumoja wetu, ambaye baba yake alichunga ng'ombe, akasema tungojee kwanza munganga wa nyama. Akatafutwa muzee mumoja wa pensheni, tukamuleta kwa pikipiki. Hakwenda hata kuangalia muto. Alishika ng'ombe ya kwanza kwa pua, akavuta ulimi pembeni, akaangaza na taa ya simu mpaka nyuma kabisa. Harufu ilitutoa machozi. Majani yaliyotafunwa yalikuwa yamejaa katika shavu. Fizi, ile nyama yenye kushika meno, ilikuwa nyekundu na imerudi nyuma. Jino la ndani likacheza chini ya kidole chake.

Ng'ombe iko na meno 32. Mbele, juu, haina hata moja. Inakata majani kwa ulimi na meno nane ya chini. Kazi yenyewe inafanywa na yale 24 ya nyuma, ambayo yanasaga na kusaga tena, muchana na usiku. Yakilegea, ng'ombe inakufa na njaa katikati ya majani. Bakteria zinazofanya hii kazi mbaya zinapenda mahali hewa haiingie, kati ya jino na fizi. Waganga wanaziita porfiromonasi, fuzobakteria, prevotela. Katika mudomo muzima zinaweza kuwamo pia, lakini chache. Fizi ikichomwa na majani makavu ya kiangazi, au jino jipya likiwa linaota, zinapata nafasi, zinazaana, na uharibifu unafika mpaka kwenye mufupa wa taya. Mutu anayesimama kwenye lupango hawezi kuona kitu, isipokuwa ng'ombe imekonda.

Wabrazil walilipa sana kwa kujifunza jambo hili. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, walipokata pori ili kupanda majani ya malisho, ndama zilianza kuvimba uso, meno ya nyuma yakaanguka, nyingi zikakufa. Wao wanaita ule ugonjwa cara inchada, yaani uso uliovimba. Kwanza walidhani ni kukosa chumvi na madini. Kisha watafiti, kati yao munganga wa mifugo Jürgen Döbereiner, wakaona ni fizi kuoza kwa bakteria. Tena wakaeleza hivi: udongo wa pori ukifunguliwa mara ya kwanza, vijidudu vyake vinatoa vitu vya aina ya streptomisini, ile ile tunayoijua kama dawa ya kifua kikuu. Kidogo kinaingia katika majani. Kile kidogo hakiue bakteria za fizi. Kinazisaidia kushikamana zaidi. Ndama zikihamishwa kwenye malisho mengine mapema, zinapona. Na yale majani waliyopanda, colonião, asili yake ni huku kwetu Afrika.

Hatusemi kijijini ni ugonjwa ule ule wa Brazil. Hakuna aliyepeleka kitu kwenye laboratoire, maana hakuna aliyelipia.

Barua tukaibadilisha. Ndugu wengine wakakasirika: sasa sendika inatetea kompani? Hapana. Kama tungeshitaki maji kwa kosa la meno, injinia wao angeleta karatasi ya laboratoire kuonyesha maji ni safi, na karatasi ile ile ingetupigwa usoni siku tutakapozungumza juu ya muto ambao kweli umeunguza mahindi. Na kosa la kompani bado liko, tena sasa linaonekana wazi. Kamyo ya mugodi haitoke asubuhi bila fundi kuiangalia matairi, mafuta, freni. Ng'ombe 12 zilitolewa bila munganga hata mumoja, bila siku moja ya kufundisha wachungaji. Sheria ya mines ya 2018 inaamuru kompani itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Makuta ya kulipa muzee mumoja na pikipiki yake yanakosa wapi?

Wenyeji nao tuliwaambia. Kamati ilipokea ng'ombe bila kufungua mudomo hata wa moja, kama mutu anayenunua gari bila kuwasha moto. Na zilipoanza kukonda, vijana walinunua tetra sokoni wakapiga sindano nusu-nusu, leo kidogo, kesho kutwa kidogo, ili chupa ifike kwa zote tano. Muzee alitikisa kichwa tu.

Tunachodai sasa kiko katika barua mupya: munganga aangalie meno kabla ya ng'ombe kununuliwa, arudi mwanzo na mwisho wa kila kiangazi, na franka za kupeleka vipimo laboratoire ziandikwe ndani ya cahier des charges, si katika ahadi za mudomo. Kwa maji tutaandika barua yake mbali, na vipimo vyake.

Ng'ombe moja ilichinjwa juma lililopita, haikuweza tena kusimama. Tumeomba taya, mama mumoja ametuchemushia na kulisafisha. Upande wa kushoto, mufupa umelika mpaka mizizi ya meno mawili inaonekana yote. Mukutano na kompani ni mwezi ujao, na lile taya tutaliweka juu ya meza yao.