Stefano: Taji la Majani



Wapendwa waamini, wazazi wengi hutuletea watoto wa kiume wabatizwe kwa jina la Stefano. Tukiwauliza maana yake, hujibu kwamba ni jina la babu. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi.

Stephanos ni neno la Kigiriki lenye maana ya taji: aghalabu si taji la dhahabu, bali shada la majani alilovikwa mshindi wa mbio, nalo hunyauka upesi (rej. 1 Kor 9:25).

Stefano mwenyewe alianzia mezani. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Manung'uniko yakazuka, ndipo wakachaguliwa watu saba, wote wenye majina ya Kigiriki, naye akatajwa wa kwanza (Mdo 6:1-6). Alikufa kwa kupigwa mawe, akiwaombea wauaji wake.

Baadaye jina hili lilichukuliwa na Mapapa na wafalme, akiwamo Mtakatifu Stefano wa Hungaria, aliyefariki mwaka 1038. Fahari hiyo ndiyo tupendayo kuitazama. Sisi twaona kwamba mtoto aitwaye Stefano afundishwe kwanza habari ya wale wajane.

Sikukuu yake ni tarehe 26 Desemba, siku ambayo kanisa letu huwa karibu tupu kwa uchovu wa Noeli. Mwaka huu wazazi waje na akina Stefano wao, kila mmoja na kilo ya unga kwa ajili ya wajane wa jumuiya yake.