WALE WAWILI WA KAMBI YA HANANG HAWAJAFULIA, ILA KUNA DOGO WA KATESH HAONGELEWI

Majina yabaki pembeni, wanaojua wanajua. Ni ile kapo ya Dar: mdada wa video za urembo na jamaa yake anayepiga picha za harusi za wenye hela. Mwezi wa sita wakafunga nyumba, wakabeba mabegi, wakapanda basi hadi Babati, kisha Katesh, wilaya ya Hanang mkoani Manyara. Wakatangaza kuwa watakaa miezi mitatu kwenye kambi moja chini ya Mlima Hanang, kazi yao kupokea wageni wanaokuja kulala kwenye mahema na kupanda mlima. Mshahara sifuri. Wanapewa pa kulala na chakula, basi.

Komenti zikafurika. Wengine wakasema wamefulia, kodi imewashinda. Wengine wakasema ni kiki, subiri wiki mbili utawaona wako Masaki wanakunywa juisi. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita, na hadi leo bado wako huko.

Kwa hiyo hilo la kufulia lifungwe. Kazi waliyoichukua si ya mtu anayetafuta kiki. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400, ni wa nne kwa urefu Tanzania, na kupanda na kushuka kunakula siku nzima. Maana yake anayepokea wageni anaamka saa kumi alfajiri awachemshie chai na kuhakikisha kila mmoja amebeba maji ya kutosha. Usiku anakaa macho mpaka wa mwisho arudi. Katikati ya hapo kuna vyoo vya kusafisha, chupa za plastiki za kuokota, na kuni za kutafuta, maana msitu wa mlima ule ni hifadhi, hukati mti unavyotaka. Na usidanganyike na picha za jua. Msimu wa wageni, Juni hadi Septemba, ndio msimu wa baridi. Yule mdada wa kucha ndefu sasa anafua mablanketi kwa maji yanayouma vidole. Video ya mawio ya jua ikapata laiki kibao. Ile anayosugua choo ikapita kimya.

Heshima yao, basi. Ila kuna kitu kwenye video zao hizo hizo ambacho watu wengi hawakukiona.

Rudia video za wiki ya kwanza. Nyuma yao kuna kijana mmoja mwembamba, koti la bluu, anabeba madumu ya maji. Kwenye video moja anawafundisha kufunga kamba za hema upepo usilibebe. Kwenye nyingine anawasha moto kwa kuni mbichi, jamaa wa harusi anashangilia kama kaona muujiza. Kuanzia wiki ya tatu yule dogo haonekani tena. Mtu wa Katesh akauliza kwenye komenti, "Dogo wa maji yuko wapi?" Akajibiwa kwa emoji ya kucheka na maneno mawili: "Anapumzika kidogo."

Anapumzika? Msimu wa wageni?

Watu wa pale wakaeleza wenyewe chini ya ile komenti. Dogo ndiye aliyekuwa anafanya kazi yote hiyo miaka iliyopita. Mshahara hakuwa nao, lakini kila mgeni alimwachia elfu mbili, elfu tatu, ya maji, ya kuni, ya kulinda hema usiku. Miezi hiyo michache ndiyo iliyomlipia mwaka mzima. Wakaja wawili wenye wafuasi wengi wanaofanya bure, mwenye kambi akamwambia dogo ataitwa akihitajika. Hajaitwa.

Hapo ndipo mjadala ulipotakiwa kuwa. Watu wamebishana mwezi mzima kama mastaa wana hela, wakati swali ni nani amekosa hela kwa sababu mastaa wamefanya bure.

Wanaowatetea wanasema mbona Marekani ni kawaida. Kweli, kule kambi nyingi za serikali zina watu wa kujitolea wanaokaa msimu mzima, wanapokea wageni, wanaokota taka, na wanapewa sehemu ya kuegesha gari lao bila kulipa. Lakini angalia ni akina nani. Wengi ni wazee wastaafu, wana pensheni na gari ambalo ndani ni nyumba kamili. Yule mzee akiokota taka bure, kesho bado atakula. Huku Bongo neno kujitolea lina historia nyingine. Kila mtaa una kijana mwenye cheti anayefundisha au kuhudumu bure mwaka wa pili sasa, nauli anaomba nyumbani, akisubiri ajira itoke. Kwa mwenye akiba, kujitolea ni likizo. Kwa asiye nayo ni njaa yenye jina zuri.

Kibaya zaidi, hawa wawili si watu wabaya. Wikendi moja walikwenda Mbulu, wakapiga picha Ziwa Tlawi, wakanunua vitunguu saumu kwa mama mmoja bila kuomba apunguze hata mia. Wakaandika: tusapoti wenyeji. Safi kabisa. Sasa kama kitunguu cha mwenyeji kinastahili bei yake, kwa nini jasho la mwenyeji liwe bure?

Halafu kuna suala ambalo si la hela peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya Mlima Hanang ikaporomoka, tope, mawe na miti vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kijana aliyekulia pale anajua tope lilipita wapi, na wingu likikaa vile mgeni ashushwe mlimani. Waliofika mwezi wa sita na begi la kamera hawawezi kujua hayo, hata wawe na moyo mzuri kiasi gani. Mgeni anayelala kwenye hema chini ya mlima ule anahitaji mtu anayeujua, na mtu huyo anatakiwa alipwe.

Lawama zote zisiende kwa kapo. Mwenye kambi ndiye aliyepiga hesabu na kuona bure ni rahisi kuliko elfu tatu. Lakini wao ndio wenye sauti, na wiki zimebaki chache. Wamrudishe dogo kwenye moto wake, na kwenye video wamtaje kama mwenyeji, wao wakiwa wageni wanaosaidia. Wao wabaki na wanachokijua: picha, kujibu meseji, kuleta wageni kutoka Dar na Arusha. Kila hema liongezewe elfu chache, ziende mkononi kwa dogo. Wakiondoka Septemba, kambi ibaki na mtu anayeweza kazi, na wateja wanaomjua kwa jina.

Na wewe unayepanga kwenda na washkaji, ukifika usiulize tu wale mastaa wako wapi upige nao selfi. Uliza nani kabeba maji unayooga. Mlipe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hanang wageni wamekuja, wamepokelewa vizuri, wamepata na wafuasi wapya. Mwenyeji yuko nyumbani, anasubiri simu.

Wewe ungekuwa ni wao ungefanyaje, ungeendelea bure au ungemwachia dogo kazi yake? Shuka kwenye komenti, matusi hapana.