Si Homa Tu

Hapa kwetu Nyeri mtu akipiga chafya mbili husema ana homa. Akitokwa na makamasi, hiyo ni homa. Akilazwa siku saba, kichwa kikimgonga na viungo vikimuuma kama aliyepigwa marungu, hiyo nayo ni homa, na jirani humpa pole kwa sauti ile ile. Ndugu zetu wa Tanzania wakisema homa wana maana ya joto la mwili lililopita kiasi, na makamasi huyaita mafua. Waganga, kwa kutaka kutenganisha mambo, wameuita ule ugonjwa mkubwa homa ya mafua, nao una virusi vyake wenyewe, mwendo wake wenyewe, na mauti yake wenyewe. Sisi tumeyatia yote katika chungu kimoja, na katika chungu hicho twapakua jibu moja kwa kila mgonjwa: "Ni homa tu."

Neno hilo "tu" ndilo nitakalolipinga katika kurasa hizi. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mganga. Lakini neno likitumiwa vibaya hata likaua mtu, yafaa mwalimu wa lugha naye asimame aseme.

Nilizaliwa Majengo. Miji mingi ya Kenya ina mtaa wa jina hilo: Nyeri wapo, Nanyuki wapo, Meru wapo, hata Nairobi na Mombasa. Wa kwetu ni mtaa wa nyumba zilizobanana, na katika nyumba nyingi ukumbi mmoja huhudumia vyumba sita au vinane vya wapangaji. Ajuaye Nyeri ajua pia miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ukungu hushuka kutoka Mlima Kenya upande mmoja na Nyandarua upande wa pili, jua huonekana saa moja au mbili kisha likaaga, na watu hufunga madirisha wakakaa karibu na jiko. Wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha mwisho husikia. Virusi vya homa ya mafua husafiri katika matone madogo ya kikohozi na chafya, na kwa mikono iliyoshika pua kisha ikashika kitasa cha mlango. Mtu aliyetaka kuvijengea virusi hivyo nyumba ya starehe asingejenga tofauti na tulivyojenga sisi. Ila labda angejenga bweni la shule, ambalo ninyi wasomaji wangu mwalijua kuliko mimi nijuavyo sasa.

Nilikuwa na shangazi aliyekuwa na pumu. Miaka mingi alidunduliza fedha za vitumbua na mahamri, na alipozitimiza akafunga safari ya Hijja. Kabla ya kuondoka alikwenda kuchanjwa. Chanjo ya uti wa mgongo ilikuwa sharti la safari. Ya homa ya mafua alishauriwa aipate kwa ajili ya umri na pumu yake. Aliipata bila kunung'unika. Nilipomwuliza kama haikumwuma alicheka akasema, "Mwanangu, kule kuna umati wa watu kutoka kila nchi. Mtu haendi hivi hivi."

Alirudi salama. Mwaka uliofuata hakuchanjwa, wala uliofuata huo. Hakuna aliyemshauri, na mimi niliyekuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti mkononi sikumshauri pia. Mwezi mmoja wa Julai akashikwa. Tulichemsha tangawizi na limau, tukamfukiza kwa majani ya mkaratusi, tukasema ni homa tu. Kijana mmoja akaenda kununua vidonge vya kuua bakteria, vile vya rangi mbili ambavyo watu wetu huvitumia kwa kila kitu. Navyo haviui virusi hata mgonjwa akivila kikombe kizima. Siku ya tano midomo yake iligeuka rangi. Hospitali walisema ni nimonia iliyofuata homa ya mafua, na kwamba kifua chenye pumu hakikuwa na akiba ya kupigana nayo. Walifanya walichoweza. Tulimzika Ijumaa.

Tangu siku ile nimeyarudia mara nyingi maneno yake juu ya umati. Alisema kweli: penye umati pana hatari. Lakini umati wa Makka aliuona mara moja maishani, na wa Majengo aliuona kila siku. Ukumbi wetu, soko, matatu zilizojaa za kwenda Karatina na Nanyuki, msikiti siku ya Idi, kanisa siku ya Krismasi, vyote hivyo ni umati. Kwa nini basi mkono ule ule ukunjuliwe kwa furaha kwa ajili ya safari ya wiki chache, ukunjwe kwa ajili ya miaka yote iliyobaki? Nadhani ni kwa sababu hatari ya ugenini huonekana, na ya nyumbani tumeizoea hata tumeipa jina la kipenzi.

Wako wanaosema, "Hiyo ni chanjo ya msimu, ni ya nchi za baridi kali, sisi hatuna theluji ila ile ya kileleni." Hoja hii yataka kujibiwa kwa makini, maana nusu yake ni kweli. Neno "msimu" tumeliazima. Ulaya na Marekani homa ya mafua huja na majira ya baridi kisha huondoka. Kusini mwa dunia nako huja na baridi yao, ambayo huwa katikati ya mwaka. Kwa hiyo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kila mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini na Septemba kwa ajili ya kusini, wakachagua ni virusi gani vitiwe katika chanjo ijayo, kwa sababu virusi hivi hubadilika kila mara kama mwizi abadilishaye kanzu. Je, sisi tuko upande gani? Mstari wa ikweta unapita Nanyuki, na watalii hupigwa picha penye kibao chake. Nyeri iko chini yake kidogo tu.

Jibu halikutafutwa Ulaya, lilitafutwa hapa. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii hospitali kuu ya Nyeri, iliyokuwa ya mkoa na sasa ni ya rufani ya kaunti, iliingizwa katika orodha ya hospitali chache za Kenya za kuupeleleza ugonjwa huu. Wagonjwa wa kifua walipanguswa puani na kooni kwa pamba, na pamba hizo zikapimwa katika maabara. Ilionekana kwamba nchini Kenya virusi vya homa ya mafua havina msimu mmoja. Hupatikana mwaka mzima. Hupanda na kushuka, na kupanda kwao hakufuati kalenda moja mwaka hata mwaka. Basi asemaye "hatuna msimu, kwa hiyo hatuhitaji chanjo" ameigeuza hoja juu chini. Wenye msimu hupumzika ukiisha. Sisi hatupumziki. Na mwaka 2016 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali juu ya chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe kwa chanjo ya kusini, na itolewe wakati wowote wa mwaka.

Wengine husema chanjo hutia ugonjwa. Chanjo ya sindano itumikayo kwa kawaida ina virusi vilivyouawa, au vipande vyake tu. Kitu kilichokufa hakizai. Mkono huweza kuuma siku moja au mbili, na mwili ukapata joto kidogo, kwa kuwa unajifunza kumjua adui. Tena chanjo huchukua wiki mbili hivi kabla ya kukamilisha kinga, na aliyeambukizwa kabla ya wiki hizo kwisha huugua, kisha akailaumu sindano.

Wa tatu husema, "Nilichanjwa na bado niliugua." Huyu hasemi uongo, nami sitamficha msomaji. Hii si chanjo kama ile ya surua, ambayo humlinda mtu takriban maisha yake yote. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vilivyopo hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60, na miaka mingine hushindwa kufika hapo. Lakini mwenye kuchanjwa akiugua, aghalabu huugua kwa uzito mdogo zaidi. Mwavuli wenye tundu haufanani na kukosa mwavuli. Angekuwa shangazi yangu amepata hata nusu ya nafasi, ningempa nusu hiyo.

Wako pia wenye shaka, nao siwadharau. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki na Wizara ya Afya walibishana hadharani juu ya chanjo ya pepopunda, na mama wengi wakabaki njia panda. Machi 2021, chanjo ya korona ilipoanza kutolewa nchini, uvumi ulikimbia mbele ya sindano. Kuuliza ni haki ya kila mtu. Ninachokikataa ni kuuliza swali na kuondoka kabla ya jibu. Wengine hujificha nyuma ya dini wakisema ajali ni ya Mungu. Ajali ni ya Mungu, lakini sijamwona mtu wa Majengo anayelala na mlango wazi kwa ajili ya tawakali.

Asiyeamini kwamba homa ya mafua ina meno na asome habari za mwaka 1918. Iliingia Mombasa kwa meli mwezi wa Septemba, ikapanda bara kwa garimoshi. Iliwakuta watu wamechoka: waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi ndio kwanza wanarejea, mvua imekosekana, na njaa iko mlangoni. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 150,000 walikufa katika nchi iliyo Kenya leo. Wazee wale hawakuwa na la kuchagua; virusi vya ugonjwa huo kwa binadamu havikutambuliwa mpaka mwaka 1933, huko London, na chanjo ilianza kutumika katika mwongo wa 1940. Na hata katika miaka ya kawaida, isiyo na tauni, Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba homa ya mafua huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka.

Haya, mtu amekubali kuchanjwa. Aende wapi? Baada ya msiba wetu nilitoka siku moja nikaingia duka la dawa, ambalo jina lake halina haja. Kijana aliyekuwapo alifungua jokofu akatoa kichupa kilichokaa katikati ya chupa za soda. Nilimwuliza kama umeme uliokatika usiku kucha haukuliharibu. Akasema, "Mwalimu, si kuna baridi?" Nilimshukuru nikatoka. Chanjo hii hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikipata joto hupoteza nguvu, na ikiganda huharibika, wala macho hayawezi kuona tofauti. Basi nenda penye jokofu la dawa peke yake lenye kipimajoto, iwe hospitali ya serikali, ya misheni au ya mtu binafsi. Uliza chanjo ni ya mwaka gani, maana ya mwaka jana haina kazi mwaka huu. Sema kama una mzio mkali, hasa wa mayai, kwa sababu chanjo nyingi za namna hii hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Keti robo saa baada ya sindano ili muuguzi akuone. Dai kadi. Mwuzaji anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kukujibu.

Lakini nikiishia kumlaumu mtu wa Majengo nitakuwa mwongo wa nusu. Ushauri wa mwaka 2016 haukugeuka mara moja kuwa sindano ya bure katika kila zahanati. Miaka ilipita, na aliyeitaka chanjo aliinunua. Mama mfuliaji wa nguo, alipwaye kwa siku, huambiwa bei ambayo ni kazi ya siku kadhaa, tena kwa kichwa kimoja, tena kila mwaka. Akisema ni homa tu, huenda hasemi kwa ujinga. Huenda asema kwa sababu ndilo jibu pekee lisilo na bei. Wanaostahili kutangulia wajulikana: wajawazito, watoto wadogo, wazee, wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na wauguzi wenyewe. Serikali inayojua majina ya walio hatarini na kuwaachia duka wachague haiwezi kuwacheka wanapotumia tangawizi.

Mwezi wa Aprili mwaka huu nilimpeleka mama yangu. Aliuliza maswali yote niliyoyataja, na mengine mawili ambayo sikuyafikiri. Muuguzi alimjibu kwa heshima, akamdunga, akamwandikia kadi. Mama aliitia kadi katika mfuko wa buibui, akaniuliza nimelipa kiasi gani. Nilipomwambia alinyamaza mpaka tukafika karibu na msikiti. Kisha akasema, "Na bibi wa chumba cha tatu, yule mwenye kisukari, atalipiwa na nani?"

Sikuwa na jibu.