Anayekuuzia Hakushauri

Mwili ni amana. Hilo halina ubishi kati yetu, aendaye msikitini na aendaye kanisani: Aliyetupa atatuuliza tumeutunzaje. Basi inatia uchungu kuona amana hiyo tunaikabidhi kwa kila mwenye simu na kopo la unga.

Siku hizi mtu akiambiwa presha imepanda au sukari imezidi, hajafika nyumbani washauri wamejaa. Shoga ana chai ya kukata kitambi. Jirani ana unga wa kusafisha figo. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kuna sauti ya daktari asiye na jina wala hospitali, akiapa kwamba wali ni sumu. Na yuko kijana mwenye kifua kipana anayeahidi kukupunguza kilo 10 kwa wiki, ila utume pesa kwanza. Wahenga walishamaliza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wala siwadharau, ndugu zangu. Ninyi ni werevu mno. Mama wa Kiswahili hanunui samaki bila kumfunua mashavu atazame wekundu. Inakuwaje mama huyo huyo ameze unga asioujua ulikosagwa?

Wa kuwauliza wapo. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973, wengi wa hawa wauza makopo hawajazaliwa. Halmashauri zina maafisa lishe, na hawaongezewi hata senti moja wewe ukila mchicha. Hapo ndipo pa kutazama: huyu anayenishauri, nikimsikiliza anapata nini? Afisa lishe atakwambia mambo yasiyo na mbwembwe. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na ile ya kwenye chipsi imo humo humo. Ule dona badala ya sembe, maana kukoboa kunaondoa pumba na kiini, na vitamini zinakwenda nazo. Kunde, dagaa, matembele. Tukisikia hayo tunanuna, eti chakula cha kijijini! Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na si pesa tu inayopotea. Mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini akiambiwa na muuza chai ashinde siku tatu kwa maji ya limau, sukari yaweza kushuka ghafla akazimia. Mshauri wake atakuwa keshabadili laini.

Mazoezi nayo ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano, inatosha. Hongera vijana wa jogging wa Jumapili, mnatuamsha kwa nyimbo na tunawapenda, ingawa ile bia ya kumalizia sijui mliagizwa na nani. Walimu wa jimu wapo waliosomea, na wapo waliosomea kwenye kioo. Anayekubebesha chuma siku ya kwanza bila kukuuliza kama una presha, mkimbie; hilo litakuwa zoezi lako la siku hiyo.

Lakini tutembee wapi? Hili nisiposema nitakesha nalo. Njia ya waenda kwa miguu imekuwa maegesho ya magari, na bodaboda inakupigia honi humo humo kana kwamba wewe ndiye uliyekosea njia. Waheshimiwa wanahimiza mazoezi jukwaani, kisha magari yao yanasubiri juu ya njia hiyo hiyo. Hivi hawaoni haya?

Haya, wewe mwenye kopo kabatini. Zahanati hufunguliwa asubuhi. Beba dawa zote unazomeza, beba na kopo lenyewe lisomwe. Pasipo na afisa lishe, uliza wakuelekeze alipo. Na nesi akikununia, mvumilie. Huyo hauzi kitu.