Ampli ya bei kali: masikio yaamue, si macho

Wapenzi wa muziki hawapatani juu ya ampli za bei kali. Wengine wanasema ampli ya taa hutoa sauti tamu kupita ya transista. Wengine wanajibu kwamba tofauti hiyo iko machoni na mfukoni, haiko masikioni.

Mwaka 1985, huko Marekani, fundi Bob Carver aliambia jarida la Stereophile kwamba anaweza kurekebisha ampli yake ya bei ndogo isikike sawa na ya bei kali watakayochagua wenyewe. Baada ya siku chache za kazi, wasikilizaji wa jarida hilo walishindwa kuzitofautisha.

Hilo ni funzo kwa kanisa, kilabu cha wasikilizaji au familia zilizohama zinazochanga pesa za chombo kimoja. Kabla ya kulipa, ampli mbili zifungwe kwenye spika zilezile, zifunikwe kitambaa, sauti iwe sawa. Ile inayolia zaidi kidogo hudanganya sikio. Kama hakuna anayetofautisha, inunuliwe ya bei ndogo, pesa zinazobaki ziende kwenye spika na betri. Ampli ghali bila umeme ni bubu, na habari za usalama wa kijiji hazingoji.