Mnara Mmoja Hautoshi
Mchimbaji mdogo wa dhahabu akiumia porini karibu na Mkwajuni, wilayani Songwe, je, simu yake yaweza kuwaonyesha waokoaji alipo? Mawimbi ya redio husafiri mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa kupima muda wa safari hiyo, mnara hukadiria umbali wa simu. Upande hauonyeshi kwa hakika. Minara mitatu ndiyo hupata mahali, pale maduara ya umbali yanapokatana. Simu ndogo isiyopokea ishara za setilaiti haina msaada mwingine. Kwa maoni yetu, wanaoanzisha huduma hizi wasiridhike na miji yenye minara mingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yalinda siri ya mtu. Minara ya vijijini nayo na ilinde uhai wake.