Damu itapimwa na kompyuta, koo litatazamwa na nani?

SIKU hizi kila mkubwa akishika kipaza sauti wimbo ni mmoja: akili bandia. Mashambani, mashuleni, hospitalini. Na kweli, wataalamu duniani wanatafuta namna ya kuitambua kansa ya koo kwa damu na kompyuta, kabla mgonjwa hajashindwa kumeza ugali. Jambo jema. Lakini vijana wenzangu, tusipige makofi kabla ya kuuliza.

Kansa huacha alama katika damu. Protini fulani huzidi, nyingine hupungua, na vipande vya vinasaba vya uvimbe huelea humo. Alama moja peke yake hudanganya. Kwa hiyo kompyuta huonyeshwa damu za wagonjwa na za wazima hadi ijifunze ni mchanganyiko upi unaowatenganisha. Si uchawi, ni hesabu.

Hata alama moja iliwahi kufanya kazi kubwa. Hong Kong, kati ya mwaka 2013 na 2016, walipimwa wanaume 20,174 wasio na dalili, zikitafutwa chembe za virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huko huambatana na kansa ya sehemu ya koo iliyo nyuma ya pua. Waliokutwa nazo mara mbili ni 309. Wenye kansa kweli ni 34, na wengi wao iligunduliwa ikiwa changa.

Soma tena: 309 walitiwa hofu, 34 ndio wagonjwa. Nani aliwatenganisha? Si damu. Ni madaktari waliopitisha kamera puani, pamoja na mashine ya MRI. Damu ilibisha hodi tu.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Huku kwetu kansa ya koo inayotutesa ni ile ya njia ya chakula, na Afrika Mashariki imo katika ukanda unaojulikana kwa ugonjwa huo, toka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Kuithibitisha kunataka kamera, na kinyama kidogo kikatwe kipelekwe maabara. Mlalahoi wa wilayani atavipata wapi? Damu ikimwambia "una kansa" na kamera iko mji wa mbali kwa fedha asizonazo, tumempa nini zaidi ya kukosa usingizi?

Tena, kompyuta iliyofundishwa kwa damu za Hong Kong haiijui kansa ya Kilimanjaro. Ifundishwe hapa, na wataalamu wetu, kwa mkataba ulio wazi. Damu zetu zisiende gizani kama madini.

Mwaka 2001 watawala wa Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo imelala kabatini. Kigogo akiumwa koo anapanda ndege kwenda India. Kijana wa Manzese anapanda daladala kwenda kupanga foleni.

Nasi tusijisahau. Sigara na gongo ni hatari, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa lilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha kansa ya njia ya chakula. Chai ipoe kwanza. Chakula kikianza kukwama, nenda hospitali, usingoje.

Kompyuta ije, lakini kamera itangulie, kila hospitali ya mkoa, na mtaalamu wa kuishika. Wenyewe walitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Basi wachague.